Nyeusi chini, nyeupe juu: kisa cha oveni iliyozibwa pumzi

Usuli

Bi S. ni mwokaji wa nyumbani katika mji mmoja wa pwani ya Tanzania. Aliwahi kupita kwenye darasa langu la mapishi, ndiyo maana alinitafuta mambo yalipomharibikia. Jina lake, mtaa wake na chapa ya jiko lake nimeviondoa kwa makubaliano yetu. Vipimo nimeviacha kama vilivyokuwa, maana bila vipimo kisa hiki hakifundishi kitu.

Kabla ya kuwa na jiko la gesi alioka kwa makaa miaka mingi, kama mama yake: sufuria nzito, mchanga kidogo ndani, makaa machache chini, mengi yamepaliwa juu ya mfuniko. Mkate wake wa kumimina ulikuwa na wateja wa kudumu. Hakuna aliyemfundisha kwamba moto wa juu uzidi wa chini. Aliukuta nyumbani, kama alivyokuta kinu na mbuzi ya kukunia nazi.

Jiko alilonunua, la mtumba lakini zima, ni lile la kawaida lenye plate 4 juu na oveni chini, upana wa sentimita 60. Bana ya oveni, yaani kichomeo kinachotoa mwali, imelala chini ya bamba la sakafu na huioni mpaka uliinue bamba lenyewe. Juu kuna bana ya pili, ya grili, na hizi mbili haziwaki pamoja: ukiwasha ya juu lazima uzime ya chini. Ndani kuna rafu moja ya nyaya, ambayo hapa nitaiita waya kama tuitavyo wote, yenye upana wa sentimita 44 na kina cha 38. Kuna ngazi 4 za kuuwekea.

Mambo mawili ya umbo la jiko hili ndiyo yaliyobeba kisa kizima. La kwanza, bamba la sakafu lina mianya mirefu pembezoni: kushoto, kulia na nyuma. Joto la mwali hupanda kupitia mianya hiyo, likakwea kuta, likafika darini na kushukia chakula kwa juu. La pili, juu kabisa kwa nyuma kuna tundu la kutolea hewa, linalotokea nyuma ya plate za juu, pale ambapo mfuniko wa kioo wa jiko umefungwa bawaba. Hewa iliyokwisha kutumika hutokea hapo, na nyingine mpya huingia kwa chini kuulisha mwali.

Miezi minne ya mwanzo keki zilitoka vizuri. Si za kushangaza, lakini hakuna mteja aliyerudisha. Kisha ikaja oda kubwa: kwini keki 144 na keki moja kubwa kwa ajili ya mahafali ya chekechea, wiki 7 mbele.

Maboresho matatu

Hapa nataka msomaji aende polepole. Bi S. hakuzembea. Aliboresha, na kila boresho lilikuwa na hoja yake.

Kwanza, alitandika foili kwenye sakafu ya oveni. Mafuta ya keki yalikuwa yakimwagikia pale na kunuka kila akiwasha, na mwenzake mmoja akamwambia foili ndiyo dawa: ikichafuka unaitoa, unatandika nyingine. Aliitandika kwa unadhifu wake wa kawaida, ukuta hadi ukuta, kingo amezikunja zikakaa sawa.

Pili, alikwenda kwa fundi kutengenezewa mabamba mawili ya alumini ya kuokea kwini keki. Kila bamba ni shiti bapa yenye mashimo 30, safu 5 za mashimo 6, na vikombe vidogo vyenye mdomo vinaning'inia kwenye mashimo hayo. Kwa kuwa alitaka nafasi isipotee, fundi alipewa kipimo cha waya wenyewe. Mabamba yakatoka na sentimita 43 kwa 37, yakiingia kwenye oveni kama droo kwenye kabati.

Tatu, alilisogeza jiko kwenye kona ili apate nafasi ya meza ya kupambia. Mgongo wa jiko ukagusa ukuta. Mfuniko wa kioo, ambao zamani ulikuwa umesimama wazi, ukashushwa ukawa meza ya ziada ya kupoozea keki.

Foili ikaziba mianya ya sakafu, bamba likakata oveni vipande viwili, chini na juu, na ukuta pamoja na mfuniko vikaziba njia ya kutokea. Yote haya ndani ya wiki moja, na yeye akiwa na furaha ya mtu aliyejipanga.

Mambo yalivyokwenda

Mkupuo wa kwanza wa majaribio ulitoka na vitako vyeusi na nyuso nyeupe. Vikombe vya kona ya nyuma kulia viliungua mpaka ukingoni, vya mbele kushoto vilikuwa na rojo katikati. Keki ya duara aliyoioka siku ile ile ilikuwa nene upande mmoja.

Akashuku unga, akabadili. Akashuku beking pauda, akapunguza, keki zikawa ngumu. Akashuku gesi, maana mtaani husemwa kwamba mitungi huchakachuliwa, akanunua kwa duka jingine. Akashusha joto kutoka nyuzi 180 hadi 160. Vitako vikapata nafuu kidogo, lakini nyuso zikazidi kuwa nyeupe, zenye unyevunyevu wa kunata. Mwisho akaja na mbinu ya kuzima bana ya chini dakika 5 za mwisho na kuwasha grili ili ababue juu. Nyuso zikapata rangi, zikapasuka, na ndani bado mbichi.

Alipofikia hapo alikuwa ametupa mikupuo 6 na amebakiwa na wiki 4.

Ushauri wangu wa kwanza, ambao ulikosea

Alinitumia picha kwa WhatsApp: keki zilizokatwa, kitako na uso. Nikamjibu kwa sauti, bila kumuuliza chochote kuhusu jiko, kwa uhakika wa mtu aliyewahi kuona vitako vyeusi vingi. Nikamwambia apandishe waya ngazi moja, na kwenye ngazi ya chini kabisa aweke sinia tupu liwe ngao ya kuzuia moto wa chini.

Ushauri huu si mbaya mahali pengine. Oveni yenye hewa inayotembea vizuri, iliyo kali chini tu, husaidika na ngao, mradi ngao iwe ndogo na iache nafasi pembeni. Kwake niliongeza ukuta wa tatu ndani ya chumba kilichokwisha kugawanywa viwili. Sinia alilotumia nalo lilikuwa kubwa, kwa sababu sikumwambia ukubwa.

Kwini keki ambazo zamani ziliiva kwa dakika 20 zikachukua 38. Vitako vilikuwa vyeupe sasa, hilo nililiahidi nikalitimiza. Katikati zilidumbukia zote. Alinitumia picha bila neno hata moja, na nikajua ni wakati wa kupanda daladala.

Siku ya kwenda kuona

Nilimwomba aoke kama anavyooka siku zote, mimi nikae tu. Alifunga dirisha la jikoni, kwa kuwa huoka usiku na mbu ni wengi. Akawasha, akaingiza bamba, akashusha mfuniko wa kioo, akapanga juu yake sahani.

Baada ya dakika 10 hivi niliona maji yakitiririka kwa ndani kwenye kioo cha mlango. Alikuwa na kitambaa maalumu cha kuyafuta, akidhani yanatoka kwenye keki. Machache yalitoka huko, mengi yalitoka kwenye gesi yenyewe. Gesi ya mtungi ikiungua, haidrojeni iliyo ndani yake huungana na oksijeni ya hewani ikawa maji: kilo 1 ya gesi hutoa takriban kilo 1.6 za mvuke. Oveni ya ukubwa ule ikiwaka saa nzima inaweza kutoa mvuke wa kujaza glasi moja. Tundu la nyuma likiwa wazi huoni hata tone. Likizibwa, mvuke unazunguka ndani na kulala juu ya keki, na uso uliolowa haupati rangi.

Kisha macho yakaanza kuniwasha. Nikachungulia kwenye tundu dogo la kuwashia: mwali, ambao ulipaswa kuwa wa bluu, ulikuwa na ncha ndefu za njano zinazocheza. Nikamwambia azime, afungue dirisha na mlango. Alipoinua bamba la sakafu baadaye, upande wa chini ulikuwa na masizi.

Nilimuuliza kama huwa anaumwa kichwa akioka. Akasema ndiyo, kichwa kizito, lakini alidhani ni kukesha.

Sote tumesikia habari za watu waliolala na jiko la mkaa ndani na hawakuamka. Hewa ile ile, kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, hutokea pia pale gesi inapoungua bila oksijeni ya kutosha. Tulikuwa tumehangaika wiki 3 na rangi ya keki huku jambo kubwa zaidi likiwa limekaa jikoni pamoja naye. Hili ndilo linaloniuma zaidi katika kisa hiki. Swali la rangi ya mwali lingechukua sekunde 5 kwenye ujumbe wangu wa kwanza.

Mama yake alikuwa ameketi mkekani mlangoni akichambua mchele, akitusikiliza. Jikoni kulipotulia akauliza, kama anayejiuliza mwenyewe:

"Mwanangu, kwenye sufuria ulikuwa ukipalia makaa juu. Humo ndani makaa ya juu yako wapi?"

Bi S. akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu lile ndilo swali nililopaswa kuja nalo mimi. Oveni ya bana ya chini haina makaa ya juu. Makaa yake ya juu ni ile hewa ya moto inayopita pembeni, ikagonga dari na kurudi. Ukiizibia njia umebaki na jiko la kawaida lenye kuta.

Majaribio ya mkate wa slesi

Baada ya jiko kupoa na hewa kubadilika, tulitaka kuona kwa macho joto linakaa wapi. Njia rahisi ninayoijua ni mkate wa slesi. Unapanga slesi juu ya waya mtupu, kwake zilienea 12, safu 3 za slesi 4, unaweka nyuzi 180 na kutoa baada ya dakika 10. Kila slesi inakuwa ramani ya mahali ilipokaa.

Mara ya kwanza tuliacha foili kama ilivyokuwa, ila dirisha likiwa wazi na mfuniko wa kioo umesimama. Slesi ya kona ya nyuma kulia ilikuwa nyeusi. Mbili za jirani zilikuwa za kahawia. Zilizobaki zilikuwa nyeupe kabisa, ile ya mbele kushoto ungeweza kuirudisha kwenye pakiti. Tukaichunguza foili: kwenye kona ile ya nyuma kulia ilikuwa imechanika kipande kama cha ukubwa wa kidole. Joto la oveni nzima lilikuwa likipandia pale.

Mara ya pili tuliondoa foili, tukalivuta jiko mbele kiasi cha sentimita 10 kutoka ukutani, tukahakikisha mpira wa gesi haupiti nyuma ya tundu la kutolea hewa. Mwali ukawa wa bluu. Slesi zote 12 zikapata rangi, za nyuma zikiwa zimezidi kidogo, na kona ile ya kulia ikizidi zaidi.

Mara ya tatu tuliacha mkate, tukatumia kipimajoto cha oveni nilichokuja nacho, kile cha mshale. Tuliliweka bamba la kwini keki katikati, vikombe vyote 30 vikiwa mahali pake, swichi kwenye 180. Chini ya bamba: 230. Juu ya bamba: 155. Tofauti ya nyuzi 75 katika oveni moja, na kinachozitenganisha ni shiti ya alumini.

Lilibaki suala la keki nene upande mmoja. Tulijaza maji kwenye sinia lenye kingo, tukaliweka juu ya waya. Maji yalikuwa na kina zaidi kushoto. Sakafu ya ile kona ya jikoni ilikuwa imetitia.

Naomba nitofautishe hapa, kwa kuwa wengi huchanganya. Jiko likiwa limeinama, rojo hukimbilia upande wa chini, na keki zote, popote zilipokaa, zitakuwa nene upande uleule. Joto lisipokuwa sawa, upande wa moto mkali huganda mapema na kubaki chini, wakati upande wa baridi unaendelea kuumuka, hivyo mwelekeo hubadilika kulingana na keki ilikaa wapi. Bi S. alikuwa na matatizo yote mawili. Ndiyo maana picha zake zilinichanganya: keki nyingine ziliinama kushoto, nyingine kulia, na mimi nikasema ni mkono wa kumimina rojo.

Maamuzi na sababu zake

Foili ilitoka na haikurudi. Badala yake anaweka kipande kidogo cha karatasi ya kuokea chini ya vikombe vinavyomwagika, juu ya bamba lenyewe, na anafuta sakafu oveni ikishapoa. Kuna oveni za umeme ambazo sakafu yake haina mianya, na hata huko foili hukusanya joto na inaweza kuharibu enameli, kwa hiyo sioni sababu ya kuitetea popote.

Jiko lilibaki mbele ya ukuta, kigae kilichovunjika kikawekwa chini ya mguu wa kushoto mpaka maji ya kwenye sinia yakalala sawa. Mfuniko wa kioo husimama wazi muda wote oveni inapowaka. Dirisha hubaki wazi, na kwa ajili ya mbu alishona chandarua cha dirishani.

Mabamba ndiyo yaliyotugombanisha kidogo. Kanuni ninayofundisha ni kwamba chombo kiache angalau vidole viwili kila upande, sentimita 4 au 5 ikiwezekana, ili hewa ipite. Kwa kipimo hicho mabamba yale yalifaa kukatwa. Niliona arudi kwa fundi, aondoe safu moja kila mwelekeo, abaki na vikombe 20. Bi S. hakutaka. Alikuwa amelipia kipimo kile na mwezi ulikuwa mbaya.

Akakaa kimya anaangalia bamba, kisha akaanza kung'oa vikombe. Akaacha tupu kila shimo la pili la pembezoni, yakawa 9, na moja katikati.

"Si hewa inataka kupita? Ipite hapa."

Nilitamani wazo hilo lingekuwa langu. Kila shimo lina kipenyo cha sentimita 6, yaani eneo la kama sentimita 28 za mraba. Mashimo 10 matupu ni karibu sentimita 280 za mraba, wakati mwanya mwembamba uliokuwepo kulizunguka bamba ulifika 80 tu. Tukapima tena na vikombe 20: chini ya bamba 195, juu yake 175. Kukata kungefungua nafasi kubwa zaidi, hilo halina ubishi, lakini nyuzi 20 za tofauti zinavumilika, na hakuna senti iliyotoka. Kwini keki za mkupuo ule wa jaribio zilikuwa za kwanza kwa wiki nyingi kutoka na rangi moja juu na chini.

Uamuzi wa mwisho ulikuwa waya mmoja au miwili. Angeazima waya wa pili kwa jirani mwenye jiko kama lake, akaoka 40 kwa mara moja. Mikupuo 4 badala ya 8. Tulijaribu: mabamba mawili, ngazi ya pili na ya nne, mashimo matupu ya bamba moja yasilingane na ya jingine ili hewa isipige njia moja tu, na nusu ya muda tukayabadilishana. Ilichukua dakika 30. Kati ya 40, 6 zilikuwa na vitako vyeusi na 5 zilidumbukia, hizi 5 zote za bamba la juu. Nadhani ni mlango: kubadilishana mabamba mawili ya moto si kazi ya sekunde 3, na keki ambayo bado haijaganda ikipigwa na baridi hushuka. Waokaji wazoefu hubadilisha theluthi mbili za muda zikishapita, keki ikiwa imeshika, lakini kwenye oveni hii kufika theluthi mbili bamba la chini linakuwa limeshaungua.

Tukachagua waya mmoja, ngazi ya tatu kutoka chini. Bi S. alihesabu saa zake, akaona anaweza.

Siku ya oda

Keki kubwa aliioka siku moja kabla, peke yake katikati ya waya. Kwini keki alizianza saa 11 alfajiri. Rojo alilikoroga mara 4, la vikombe 40 kila mara, si lote pamoja. Beking pauda huanza kazi ikikutana na unyevu, na rojo lililokaa saa 3 kwenye beseni likisubiri zamu huwa limeshapumua nje sehemu ya nguvu yake. Bamba moja likiwa ndani, la pili linajazwa mezani.

Mkupuo wa kwanza ulimponyoka. Aliipasha oveni dakika 10 tu kwa haraka, wakati majaribio yetu yalionyesha inahitaji 20 mpaka mshale utulie, na kwini keki 7 zikatoka zimepauka. Kuanzia mkupuo wa pili alikaa kwenye dakika 22, akilizungusha bamba mbele nyuma dakika ya 15. Kona ya nyuma kulia iliunguza 4 zaidi kwa jumla. Mikupuo 8, kwini keki 160, nzuri 149. Kabla ya saa 3 asubuhi alikuwa amezima oveni. 144 zilikwenda chekechea na 5 hazikufika jioni, kwa sababu nyumba ile ina wajukuu.

Hakuumwa kichwa.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ya vyote ni kuangalia jiko likifanya kazi yake, bila kugusa. Wiki 3 za kubadili unga, gesi na vipimo hazikutoa hata taarifa moja ya maana, kwa kuwa kila safari Bi S. alibadili kitu ambacho hakikuwa kimebadilika siku tatizo lilipoanza. Swali "ulifanya nini tofauti wiki ile?" lingetupeleka kwenye foili, mabamba na kona kwa dakika moja. Bi S. hakujiuliza hivyo kwa sababu mabadiliko yake yote yalikuwa ya usafi na mpangilio. Hayakuwa ya mapishi, kwa hiyo kichwani mwake hayakuhesabika.

Slesi za mkate zilifanya kazi kuliko kipimajoto katika hatua ya mwanzo. Kipimajoto kimoja husema joto la mahali kilipo. Kingewekwa katikati siku ile kingesoma joto dogo, tungeongeza moto, na kona ya nyuma ingewaka. Kilikuja kuwa na faida baadaye, tulipokuwa na swali dogo lenye jibu la namba: chini ya bamba ngapi, juu ngapi. Wanaoanza hununua kipimajoto na kuishia hapo. Nunueni, lakini chomeni na mkate.

Ushauri wangu wa mbali ulikosea kwa namna ambayo nimeiona kwa wengine pia. Nilitibu dalili moja, kitako cheusi, nikaongeza kizuizi kwenye oveni iliyokuwa inasongwa na vizuizi. Picha ya keki haionyeshi mianya, mgongo wa jiko wala mwali. Siku hizi mtu akinitumia keki iliyoungua namwomba picha 4 kabla ya neno lolote: sakafu ya oveni ikiwa tupu, waya ukiwa na chombo chake juu yake, mgongo wa jiko, na mwali. Tatu za kwanza ni za keki. Ya nne ni yake yeye.

Suala la kuinama kwa jiko nalichukulia dogo, kigae kimoja kikalimaliza. Kosa lilikuwa kulichanganya na la joto. Matatizo mawili yanapotoa dalili inayofanana, kutengeneza moja huacha dalili ikiwa palepale na mtu hudhani hakutengeneza kitu. Kama tungeanza na kigae, keki zingeendelea kuinama na tungekitupa.

Uamuzi wa waya mmoja unaweza kupingwa. Mwokaji mwenye oveni ya umeme yenye feni angecheka, kwa kuwa feni husukuma hewa kati ya waya mbili na tatu bila shida, ila mwokaji hupunguza kama nyuzi 20 kwenye kipimo cha mapishi. Kwa oveni isiyo na feni, inayotegemea hewa ipande na kushuka yenyewe, kila waya unaouongeza ni dari jipya kwa ulio chini yake. Bi S. alikuwa na asubuhi nzima na hakuwa na keki za kupoteza, kwa hiyo alilipa kwa muda. Angekuwa na saa 2 tu ningemshauri waya miwili na rojo la ziada la kufidia hasara.

Kona ya nyuma kulia haijapona. Tulipoinua bamba la sakafu tuliona bana imepinda kidogo upande ule, na mpira wa mlango upande wa kushoto umekakamaa, hivyo huenda baridi inaingia huku na moto unazidi kule. Fundi ameahidi kuja, na ahadi za mafundi mnazijua. Kwa sasa shimo la kona ile ya bamba ni mojawapo ya yale 10 yasiyowekwa kikombe, na Bi S. amelizungushia alama ya rangi ya kucha ili wanaomsaidia wasilijaze.